Nilivyompandia Mjomba Kumwomba Ruhusa ya Kwenda Kusoma Unguja

Ndugu zangu wa baraza la msikitini, tangu nirudi hamkuniacha ninywe kahawa yangu kwa raha. Kila anayeingia anauliza, "Mwalimu, umepata au umekosa?" Nikianza kueleza anaingia mwingine, nami narudi mwanzo. Nimeona heri niandike. Anayejua kusoma asome kwa wakati wake, asiyejua asomewe, nami niachwe na kikombe changu. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipeleka na kunirudisha kwa miguu yangu hii hii miwili.

Haja yangu mnaijua, lakini wapo wageni kati yenu, basi niitaje. Mimi Athumani nimefundisha Kurani hapa Morogoro tangu kabla ya reli kufika. Mtu akifa, jamaa zake huniletea mambo ya mirathi, nami huyaamua kwa nilichosoma, na nilichosoma ni kidogo. Mwaka uliopita niligawa mali ya marehemu mmoja baina ya mke, dada na watoto. Wote waliondoka wameridhika isipokuwa mimi. Tangu siku ile, kila nikisujudu najiuliza kama dada yule nilimpa haki yake au nilimpunja. Nikamwandikia shehe mmoja wa Unguja anayesomesha kitabu cha mirathi, nikamwuliza kama anapokea mwanafunzi mwenye wajukuu. Akajibu: "Njoo. Kitabu nakianza Mfunguo Pili, na kwa maradhi niliyo nayo sidhani kama nitakianza tena. Ila usije bila radhi za wakubwa wako."

Baba na mama yangu walikwisha tangulia mbele ya haki. Lakini sisi Waluguru mtu ni wa upande wa mama, wa lukolo lake, yaani ukoo wa mama, na mkubwa wake ni mjomba. Hata shamba ninalolima pale bondeni ni la lukolo. Alipewa mama yangu na kaka yake, nami nalilima kwa sababu ni mtoto wa mama yangu. Kuvuka bahari bila kuagwa na mjomba kwetu ni kama kutoroka. Kwa hiyo ilinipasa kwanza nipande mlimani, kwenye kijiji cha mama yangu, juu ya Matombo, ambako sikukanyaga kwa miaka saba. Na ilikuwa tayari juma la kwanza la Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na Mfunguo Pili ndio mwezi wa mbele yake.

Mambo ya boma la Wadachi na cheti cha njia sitayaandika. Anayeyapenda akasimame mwenyewe pale.

Kutoka mjini hadi Kiroka

Nilifuatana na Mzee Feruzi, Mnyamwezi, yule muuza tumbaku wa sokoni. Zamani alikuwa mpagazi, amekwenda pwani na kurudi bara mara nyingi kuliko alivyokwenda kwa mkwewe. Yeye ni mtani wangu, kwa kuwa Wanyamwezi na Waluguru ni watani, na mtani hakatai safari ambayo mwisho wake kuna chakula. Mke wangu Bi Zaina alitufungia mikate na samaki mkavu, akatusindikiza hadi mlangoni.

"Majirani wakiniuliza mume wangu yuko wapi," akasema, "niwajibu nini? Kwamba yuko chuoni, anajifunza?"

"Wajibu hivyo hivyo."

"Basi ukirudi nitakupima kimo nione kama umekua."

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Umande ulikuwa mwingi, na milima ilikuwa imejifunika ukungu hadi kiunoni. Feruzi alianza kunung'unika kabla hatujafika mwinuko wa kwanza.

"We Mluguru, aliyeuweka mlima huu hapa alikuwa na ugomvi na nani?"

"Na Wanyamwezi. Aliuweka msipite mkatuibia kuku."

"Kuku gani? Kuku wenu wamepanda na kushuka mlima hadi wana mapaja ya mbuzi. Nani atawatafuna?"

Njiani tulipishana na wachukuzi wa ulanga, yale mawe ya kung'aa yanayobanduka kama karatasi, ambayo Wadachi wanayachimba huko juu na kuyateremsha mjini. Mizigo ilimetameta vichwani mwao kama vioo. Mmoja wao alipoona kanzu yangu na kifurushi changu alisimama.

"Shikamoo, mwalimu. Unakwenda kumzika nani?"

"Marahaba. Simziki mtu. Nakwenda kuomba ruhusa ya kwenda kusoma."

Walicheka wote. Mmoja ilimbidi atue mzigo, akashika magoti. "Kusoma! Na ndevu zile! Ruhusa unamwomba nani, mwalimu? Babu yako?"

"Namwomba mjomba."

Kicheko kikakatika pale pale. Walikuwa Waluguru wote. "Ah," akasema yule aliyetua mzigo, kwa adabu kabisa, "kwa mjomba. Hapo sawa." Wakatutakia safari njema, wakaenda zao.

Feruzi alishangaa mwendo mrefu. "Nyie watu wa ajabu. Mzee kusoma ni kichekesho, lakini mzee kuomba ruhusa kama mtoto si kichekesho."

Tulilala Kiroka kwa mwanafunzi wangu wa zamani. Alitupikia wali na kisamvu kilichoungwa kwa nazi, tukala hadi Feruzi akaacha kuwasema Waluguru kwa usiku mmoja.

Kutoka Kiroka hadi Mkuyuni, na habari za fenesi

Siku ya pili hatukwenda mbali. Mvua ya usiku ilikuwa imeangusha mti mkubwa ukaziba njia, na askari mmoja alikuwa anasimamia watu wanaoukata. Hakuna kupita mpaka uishe. Kulia ni genge, kushoto ni korongo. Tulikaa pamoja na wasafiri wengine, nami nikashukuru, kwa sababu nilipata kusali adhuhuri bila haraka na kuwasikiliza watu wakizungumza.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapeleka mafenesi sokoni aliona safari yake imekwama, akapasua moja kubwa akatugawia. Fenesi la huko, ndugu zangu, ni tamu kiasi cha mtu kusahau umri wake. Mimi nilisahau. Wote mnajua kwamba kabla ya kula fenesi mtu hujipaka mafuta mikononi na mdomoni, maana utomvu wake ni ulimbo mtupu. Mafuta hayakuwapo, nami sikungoja. Nilipomaliza, nikapangusa mdomo, na mkono ukabaki kwenye ndevu. Nikauvuta, ndevu zikaja nao.

"Mwalimu kanasa!" Feruzi akapiga kelele watu wote wasikie. "Njooni mwone! Nimekwenda na mwalimu, sasa nina ndege wa ulimbo."

Hata askari alikuja kutazama, akageuka upesi ili tusimwone anacheka. Mkono ulitoka, lakini ndevu zilibaki zimeshikamana kama brashi ya kupakia chokaa. Niliingia Mkuyuni wakati wa magharibi nimejifunika kilemba hadi puani, na watu wakadhani naumwa meno. Mzee mmoja akaniletea karafuu. Nikazipokea, maana kueleza kulikuwa kugumu zaidi.

Matombo, siku mbili za mvua

Siku ya tatu tulifika Matombo, karibu na misheni, tukakuta mto umejaa na daraja la miti limekwenda na maji. Watu walisema tungoje. Tukabisha kwenye nyumba ya mama mmoja mjane, mkulima wa mboga, Mkristo, jina lake Mama Mariya. Kabla hatujaomba mahali pa kulala niliomba mafuta ya nazi.

Alinitazama ndevu. "Fenesi?"

"Fenesi, mama."

"Mtu mzima!" Akaingia ndani akicheka, akatoka na kibuyu cha mafuta, akaniachia chote. Nilikaa uani nikijisugua hadi alasiri. Nywele chache zilibaki na utomvu, hizo nilizikata.

Jioni ile alitupa ndizi za kuchemsha na chumvi. Ndizi tu. Feruzi, ambaye alikuwa ameona kuku wengi uani, alininong'oneza, "Huyu mama mchoyo." Nikamwambia anyamaze ashukuru. Tukala ndizi zetu. Mama Mariya alikuwa anaingia na kutoka, amekunja uso, na kila akiingia ananitazama kama ninayemchelewesha kitu. Nikasali magharibi, nikaendelea na uradi wangu, nikasali isha. Nilipotoa salamu ya mwisho nikamkuta amesimama mlangoni, kuku mkononi amefungwa miguu, na kisu.

"Mwalimu," akasema, "nimemshika kuku huyu tangu jua halijazama. Nikimchinja mimi hamtamla, najua. Nangoja umalize. Ukimaliza sala unaanza nyingine. Nyinyi mnasali sana!"

Niliona haya kwa kuwa hata mimi, moyoni, nilikuwa nimeanza kukubaliana na Feruzi. Nikatoka, nikachinja, na tukala mlo wa pili uliokuwa bora kuliko wa kwanza. Feruzi alimwomba radhi kwa mdomo uliojaa.

Mvua haikukatika siku mbili. Tulimsaidia kuchambua maharage, naye akaniuliza safari yangu. Nilipomweleza hakucheka. Alisema mwanawe naye amepelekwa na mapadri kusoma mbali, mwaka wa pili sasa, na siku ya kumuaga alilia hadi wakaona aibu wote wawili.

"Wewe nani atakulilia?" akaniuliza.

"Labda mjomba, akikubali."

"Na asipokubali?"

Nikavuta maharage mengine. Siku zilikuwa zinakwenda. Nilihesabu: kushuka, gari la moshi hadi Dar es Salaam, kungoja meli. Mjomba akisema hapana, siendi, kwa kuwa sitamdanganya shehe kwamba nina radhi nisizokuwa nazo. Na akisema ndiyo baada ya wiki mbili, ni sawa na hapana.

Kupanda kijijini

Siku ya sita maji yalipungua. Vijana walitushika mikono tukavuka, maji kifuani, kanzu kichwani. Kisha tukaanza kupanda, na hapo Feruzi aliacha utani kwa kukosa pumzi. Mashamba yananing'inia kwenye miteremko, na mtu akidondosha jembe lake huenda kulitafuta kijiji cha chini.

Sasa naandika kosa langu, nanyi mnisome kwa huruma.

Mjomba wangu wa zamani, Mzee Lukwele, alifariki miaka saba iliyopita. Nilihudhuria maziko, nikarudi mjini kabla ya arobaini. Kwetu mkubwa wa lukolo akifa, jina lake halizikwi. Huchaguliwa mtu wa ukoo akalirithi, na tangu siku hiyo yeye ndiye Lukwele, na waliokuwa wapwa wa marehemu ni wapwa zake, hata awe mdogo kwao. Habari zilikuwa zimenifikia kwamba jina limerithiwa na Kobelo. Kobelo huyu ni mtoto wa mama yangu mdogo. Nilimbeba mgongoni nilipokuwa kijana. Nilijua kwamba sasa ndiye mjomba wangu. Nilijua kwa masikio; ulimi ulikuwa haujajifunza.

Karibu na kijiji tulikutana na mtu anateremka, jembe begani, matope hadi magotini, umri wake kama miaka arobaini. Akasimama kando ya njia. Mimi pia nikasimama, nikangoja. Ndugu zangu, hapa mjini nimezoea. Nikipita, kila mtu ananiamkia, hadi karani wa boma. Nikangoja shikamoo yangu. Haikuja. Nikamtazama vizuri, nikamtambua, na furaha ikanizidi akili.

"Kobelo!" nikasema. "Si wewe Kobelo niliyekubeba mgongoni, ukanikojolea hadi visiginoni? Tazama ulivyozeeka!" Nikampa mkono.

Hakuupokea. Alinitazama kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko kama angenitukana. "Kobelo hayupo," akasema. "Hayupo tangu walipomzika Lukwele." Akaendelea na njia yake.

Feruzi alisubiri hadi yule bwana alipopotea kwenye migomba. "Mluguru," akasema, "umepanda mlima siku sita kuja kumwomba ruhusa, na ulipomkuta umemwambia alikukojolea."

Nyumbani mama yangu mdogo, Mama Tabu, alitupokea kwa machozi ya furaha, akatuwekea makande na maziwa. Lakini jioni alirudi kutoka nyumba ya pili, kwa mjomba, akitikisa kichwa.

"Mwanangu, mjomba wako anasema leo amekuja mgeni anamtafuta mtu aliyekufa. Anasema mgeni apewe chakula na mahali pa kulala. La kumjibu hana."

"Nitakwenda kumwomba radhi sasa hivi."

"Huendi. Utaliongeza. Kosa la namna hii halisemwi na aliyelifanya. Tafuta wa kukusemea."

"Nani? Watu wa hapa wote ni wa lukolo, wote wamekasirika."

Mama Tabu akamtazama Feruzi, aliyekuwa anafuta sahani ya makande kwa kidole. "Huyu si mtani? Mtani hakasirikiwi."

Shambani

Asubuhi Feruzi alikata kamba ya mgomba, akanifunga shingoni.

"Hii ya nini?"

"Kaa kimya. Beberu hasemi."

Akanivuta hivyo mpaka shamba la maharage, ambako mjomba alikuwa analima na watu kama kumi, wake kwa waume. Nilikwenda nimeinamisha kichwa, nikimwomba Mungu anipe subira, na nakiri kwamba kidogo nilikuwa naona kichekesho. Feruzi alisimama juu ya tuta akapaza sauti.

"Wenyeji! Nimeokota beberu njiani. Mzee, ana ndevu nyeupe, zina utomvu wa fenesi. Kila alfajiri analia na kuamsha watu. Kuna mwenyewe, au nikamchinje?"

Watu wakasimamisha majembe. Vicheko vya chini chini vikaanza kwa wanawake. Mjomba hakuinua kichwa, aliendelea kulima.

"Anajua kulima?" akauliza.

"Hajui. Anajua kula."

"Ana faida gani?"

"Anasoma vitabu."

"Beberu anayesoma si wa kwetu. Mpeleke kwa Wanyamwezi."

"Kwetu tunao wajinga wa kutosha! Mtazame vizuri. Mtu akipotelewa na mnyama miaka saba, huenda akasahau alama yake."

Hapo mjomba akaweka jembe chini. Akaja taratibu, akaninyanyua kidevu kwa mkono wenye udongo, akageuza uso wangu upande huu na huu kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Nilimwona anajizuia asicheke, midomo inamtetemeka.

"Mama yake namjua," akasema mwisho. "Huyu wa kwetu. Mfungue."

Nikapiga magoti kwenye matuta. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hujambo? Nyumbani wote wazima?" Alisema kwa sauti ya marehemu Lukwele, sauti ile ile ya kuburura maneno, na machozi yakanitoka bila kuyaita. Kisha akaniwekea jembe mkononi. "Haya, lima. Beberu hali bure."

Nililima hadi adhuhuri. Mgongo wangu unalikumbuka hadi leo tuta la tatu.

Kikao

Alasiri walikaa wakubwa wa lukolo uani kwa mjomba, wanaume sita na kina mama wanne. Feruzi alisema haja yangu, safari hii bila mzaha. Mjomba alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza mwenyewe.

"Huko Unguja unakwenda kusoma nini?"

"Mirathi, mjomba."

"Yaani nani apate nini, mtu akifa."

"Ndiyo."

"Na elimu hiyo inasema mtoto anarithi kwa baba yake?"

"Inasema."

Watu wakatazamana. Kwetu watoto wangu si wa lukolo hili. Wao ni wa lukolo la mama yao. Nikaona swali linakuja kabla halijafika.

"Shamba la bondeni Morogoro," akasema mjomba, "Lukwele alimpa mama yako. Wewe unalilima. Una watoto watano. Ukirudi na elimu hiyo, kisha ukafa, shamba ni la nani?"

Feruzi alinikazia macho. Alitaka niseme "la lukolo", neno moja tu, tule, tushuke. Nalo lilikuwa mdomoni. Lakini niliwaza: nakwenda kusoma kwa kuwa niliwahi kusema neno moja rahisi mbele ya watu wanaoningoja. Nianze safari hiyo kwa kulisema tena?

"Mjomba," nikasema, "sijui."

"Mwalimu mzima, hujui?"

"Sijui. Kinachorithiwa ni mali ya aliyekufa. Kama shamba ni langu, watoto wangu watalidai. Kama ni amana ya lukolo mkononi mwangu, nadhani haligawiwi, kama nisivyoweza kugawa nguo ya kuazima. Lakini nadhani tu. Nimekwisha kugawa mali ya watu kwa kudhani, na tangu siku hiyo sina raha. Sitaki kufa na jambo hilo. Ndiyo maana nataka kwenda."

"Na huko wakikuambia ni la watoto wako?"

"Nitapanda mlima huu nikuambie hivyo hivyo, mbele ya hawa wote. Sitaficha neno. Na sitaligusa shamba mpaka tumekaa hapa tena."

Mzee mmoja alisema wazi kwamba nisiende. Mtu hampi mwenzake panga la kumkatia migomba yake. Wawili wakaitikia. Nilihisi Unguja inarudi nyuma, maili kwa maili.

Ndipo Mama Tabu akasema, bila kuinuka. "Wajukuu zetu wangapi wamesilimu? Wangapi wako misheni? Jambo hili linakuja, aende huyu asiende. Litaletwa na karani, au na mgeni asiyemjua mama wa mtu. Mimi nataka liletwe na wa kwetu. Huyu ameulizwa jambo la kumfaa mwenyewe, akasema hajui. Mnataka wa namna gani tena?"

Wakatoka nje, wakaenda nyuma ya migomba. Walikaa huko muda wa mtu kusali alasiri taratibu na kusoma juzuu moja. Najua, kwa sababu nilifanya hivyo. Feruzi alitafuna muwa mzima.

Mjomba aliporudi alibaki amesimama. "Utakwenda," akasema. "Lakini huendi kwa haja yako tu. Unakwenda na swali letu. Utamwuliza huyo shehe: ardhi ambayo mtu amepewa kwa sababu ya mama yake, ni mali yake au ni mali ya waliompa? Uliseme kama tulivyolisema. Usilipambe kwa Kiarabu. Sema nikusikie."

Nikalisema. Akanirudisha mwanzo, kwa kuwa neno moja nilikuwa nimelibadili. Nikalisema tena, na mara ya tatu akaridhika. Hata mimi sijawahi kumsikilizisha mtoto chuoni kwa ukali ule. Akachukua maji kinywani, akanipulizia kichwani kidogo kama wafanyavyo wakubwa wetu, nami nikainua mikono nikasoma dua, na wote wakaitikia amina, hata wasiojua maana yake.

Baada ya hapo hapakuwa na kikao tena. Kila mtu akataka kunituma swali. Mmoja anataka kujua kama mkwe akimkopa mtu mbegu ni lazima azirudishe. Mwingine anauliza kama ndege aliyefia mtegoni analika. Mama Tabu akaniita kando: je, huko kwa mashehe wanawake huulizwa katika mabaraza? Nikamwambia nitauliza. "Wakisema hawaulizwi," akasema, "waambie hapa tunaulizwa." Kukapikwa wali wa mlimani na kuku wawili, na Feruzi akatangaza hadharani kwamba mapaja ya kuku wa Uluguru hayana kasoro yoyote.

Kushuka

Kurudi kulikuwa kwa haraka, nami sitarefusha maneno. Mama Mariya alitupa maharage. Mkuyuni yule mzee wa karafuu aliniuliza habari za meno, nikamjibu yamepona kwa dawa yake, Mungu anisamehe. Tulitembea siku tatu, tukalowa mara mbili, hatukuugua.

Ila niandike jinsi tulivyoagana. Mjomba alitusindikiza hadi mtoni, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Vijana walikuwa wameweka miti mipya. Akaniambia shamba langu watalilima wao msimu huu, wanawe watashuka, nisihofu mavuno. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mpwa wangu, wakikujibu vizuri, rudi," akasema. "Wakikujibu vibaya, rudi vile vile."

Ndugu zangu, hiyo ndiyo ruhusa niliyopata. Mkiniuliza kama ni kubwa au ndogo, mimi sijapata kubwa kuliko hiyo. Gari la moshi linaondoka Jumatatu asubuhi, na shehe nimekwisha mwandikia kwamba anakuja mwanafunzi mmoja, mzee, ambaye wakubwa wake wako radhi. Darasa la watoto atalishika Maalimu Saidi, msimchokoze. Na kama kuna mwenye swali la mirathi, asiniulize mimi wiki hii. Aliandike, nitalipeleka.